Boflo aende wapi: hotelini Paje, shamba Kizimbani au nyumbani Mbweni?

Boflo ni mbwa dume, amehasiwa, na kwa jinsi ncha za meno yake zilivyoanza kulika, daktari wa mifugo alimkisia miaka minne, labda mitano. Rangi yake ni ya ganda la boflo, yaani mkate, lililoiva vizuri, na jina limetoka hapo. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Ni chotara wa mbwa koko na kitu kingine chenye miguu mirefu ambacho kila mtu ana jina lake. Nilimkuta karibu na soko la Mwanakwerekwe, kamba ya nailoni imemzama shingoni, nikasema namtibu kidonda tu, wiki mbili basi. Umeshapita mwaka na miezi.

Sasa mama anahamia kwangu kutoka Wete. Magoti hayamruhusu tena kukaa peke yake, na hilo halina mjadala. Nyumba yangu ina baraza moja. Ndipo anapolala Boflo, na ndipo mama anapopenda kuswali alasiri kwa sababu ya upepo. Alipokuja mara ya mwisho alimwekea vichwa vya samaki kwenye kifuu, akamsukumia kwa ufagio, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi simchukii huyu. Lakini udhu wangu utakaa vipi?"

Basi nikaanza kutafuta. Nilipouliza huku na huku nilipata watu zaidi ya nilivyotarajia, na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kuchagua kati ya wanaotaka ni kugumu kuliko kumpata anayetaka. Naandika nilivyowalinganisha, kwa ajili ya mwingine mwenye mbwa mzima wa kumtafutia pa kukaa hapa Unguja.

Niseme kwanza kipimo nilichotumia. Watu huanza na ukubwa wa uwanja. Mimi pia nilianza hapo, nikaacha. Mbwa mkali hapa kwetu ana maisha mepesi: mchana amefungwa, usiku anafunguliwa, watu wanamkwepa na mambo yanakwenda. Mwenye tabu ni huyu anayependa watu. Boflo akimuona mtu hata asiyemjua anakwenda kumuegemea paja, na asipopapaswa analamba mkono. Wengi wetu ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii, na tulichosomeshwa chuo cha Kurani kila mtoto anakijua: mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nina kopo la maziwa lililojaa udongo pembeni ya bomba la nje. Ijumaa moja nilibadilisha kanzu mara mbili kabla ya kufika mskitini, na mara ya pili nilikuwa nimeshafunga geti. Alipitisha ulimi chini yake.

Kwa hiyo kila nyumba niliyokwenda kuitazama niliuliza kwanza: upole wake utawaangukia nani? Yaani nani yuko pale mchana kutwa, nani anapita mbele ya mlango, na hao wanaopita wataupokeaje. Uwanja ukafuata baadaye.

Hoteli ya Paje

Hili ndilo jawabu nililopewa na kila mtu, hata wasiopenda mbwa. Nyumba ndogo ya wageni, vyumba kumi, mlango unafungukia mchangani. Meneja kijana, mchangamfu, aliniambia wageni wanapenda mbwa na picha za mbwa zinaleta wageni wengine. Chakula hakikosekani, jikoni kuna mabaki kila siku. Kwa uwanja, hakuna wa kushindana naye: ufukwe mzima ni wake.

Nilikaa pale kutwa. Kulikuwa na jike mmoja, mweupe mwenye mabaka, amelala chini ya kiti cha mgeni. Mgeni alipoinuka kwenda zake, jike akainuka naye, akamfuata mpaka kwenye gari, gari likaondoka. Akarudi polepole, akalala chini ya kiti kingine. Nikauliza anaitwa nani. Mpishi akataja jina moja, kijana wa baa akataja jingine. Nikauliza mara ya mwisho alichanjwa lini, wakatazamana.

Sisemi kwamba wanamtesa. Ana shibe na ana kivuli. Lakini mbwa anayependa watu ukimweka mahali ambapo mtu hukaa siku nne akaondoka, unampa msiba kila wiki. Mbwa wa kujitegemea, yule anayetaka chakula na uhuru na hana habari na mtu, Paje atanawiri. Wako kama hawa nje ya Mwanakwerekwe, na ningempeleka mmoja kesho.

Kuna na suala la masika. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha tena Disemba hadi Februari. Mwezi wa nne na wa tano mvua zikikaza, hoteli nyingi za pwani ya mashariki hufunga au hubakisha watu wawili watatu. Nilimuuliza meneja masika nani anampikia mbwa. Akasema, "Hapakosi mtu." Hapakosi mtu ni jawabu la mtu asiyejua. Nikamfuata mlinzi wa usiku, Mmasai, ambaye yeye ndiye anayebaki mwaka mzima, akaniambia bila kuficha kwamba masika iliyopita alikuwa akigawana na jike ugali wake mwenyewe. Ukienda kutazama hoteli kwa ajili ya mbwa, acha meneja, ongea na mlinzi.

La mwisho ni kinamama wa mwani. Siku za bamvua, maji yakitoka, wanateremka mbali kwenye vigingi vyao na watoto wao, wameinama, mikono imo majini. Nilimpiga picha Boflo kichwani mwangu akiwaendea mmoja mmoja kuwasalimu, na yeye ametoka kuoga baharini, amerowa chepechepe. Wiki ya kwanza wangemfukuza kwa maneno. Wiki ya pili mawe, na sitawalaumu.

Wasasi, Pemba, na Mzungu wa Nungwi

Hawa watatu nawapitisha haraka, ingawa yule wa tatu ana mengi ya kujifunza.

Wasasi wa kusini walimtaka kwa miguu yake mirefu. Wanawinda nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu, kazi ya maana, na mbwa wao wana heshima yao. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Huyu wangu bwana wake ni mimi, na nguruwe akimgeukia atamtikisia mkia. Nikakataa palepale.

Pemba nina binamu anayetaka mbwa wa kulinda karafuu zikiwa juani kwenye majamvi. Mtu mwema, lakini haja yake ni ya msimu, na msimu ukipita sijui Boflo angekuwa nani pale. Zaidi ya hapo, kusafirisha mbwa kati ya visiwa si jambo la kufanya kienyeji. Pemba iliondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014, ugonjwa ukarudi 2016 kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa, na haukumalizwa tena mpaka 2018. Kisiwa kizima kilirudi nyuma kwa sababu ya mnyama aliyevushwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa ugonjwa hukatika, na Boflo amechanjwa, lakini hata hivyo sikuona sababu ya kumpandisha boti kwa miezi mitatu ya karafuu.

Mzungu wa Nungwi alikuwa Mjerumani, mwanamke mtu mzima, alimuona Boflo kwangu akalia. Anataka kumchukua Ulaya. Watu wengi wakisikia Ulaya wanafikiri mambo yamekwisha. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazipokelea mbwa kwa wepesi, kwa hiyo safari ni hii: kwanza mbwa atiwe kichipu chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa, isitangulie kichipu, zipite siku 30 angalau, achukuliwe damu, ipelekwe maabara inayotambuliwa na Umoja huo kupima kinga, na tangu siku ya kuchukuliwa damu, kama majibu ni mazuri, ingojwe miezi mitatu kamili kabla ya kuingia. Jumla ni miezi minne na zaidi, hapo hujazungumza kreti na tiketi. Yeye likizo yake ilibaki siku tisa. Nilimuuliza nani atamlea hiyo miezi minne. Akasema, kwa nia njema kabisa, "Wewe." Sasa ningekuwa nimetatua nini? Kwa mtu ambaye hana haraka, na mwenzake wa Ulaya ameshalipia damu na kichipu kabla ya kupanda ndege, njia hii ni halali na wako mbwa wa Unguja waliofika huko wakatulia. Ahadi ya uwanja wa ndege usiihesabu.

Nyumba ya Mbweni

Hapa ndipo nilipopata shida ya kweli. Mke na mume kutoka Bara, Wakristo, watoto wawili, wa miaka minane na kumi na moja. Wamepanga nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma, kwa hiyo watoto wa chuoni wanaopita jioni hawaoni kitu na hawaonwi. Mke ni muuguzi, mume fundi umeme. Walipokuja kwangu, Boflo alilala chali kabla hawajakaa. Yule mdogo akamlalia tumboni, wakabaki hivyo mpaka chai ikaisha. Upole wake pale ungewaangukia watu wanaoutaka, na hakuna kopo la udongo.

Ningeweza kumkabidhi siku ile. Kilichonizuia ni saa. Watoto wanaondoka kwenda skuli kabla ya saa moja, baba saa moja, mama kwa zamu zake. Mpaka saa tisa alasiri nyumba ni tupu, na siku nyingine mpaka magharibi. Mimi nafanya kazi nyumbani, hajazoea upweke. Nilipokwenda Dar siku mbili, jirani alimwekea chakula na maji vizuri tu, lakini niliporudi nilikuta mlango wa jikoni umekwanguliwa rangi mpaka mbao inaonekana, na kucha zake mbili zina damu. Jirani aliniambia alilia usiku kucha, na mskiti uko nyuma ya ukuta.

La pili ni upangaji. Nyumba si yao. Nilimuomba mume anioneshe kama mwenye nyumba anajua habari ya mbwa, akasema watamwambia. Nilimwambia, kwa heshima, amwambie kwanza, na kwa maandishi, kwa sababu mwenye nyumba wa hapa akimkuta mbwa ambaye hakuambiwa, hatoki mbwa peke yake. Nikamuuliza pia akihamishwa kikazi itakuwaje. Hakunidanganya. Alisema, "Mzee, nikihamishiwa Mwanza sijui kama nitaweza." Nampenda mtu wa namna hiyo. Wengi wangeniambia tutakwenda naye popote.

Na watoto? Msikilize mtoto anapoahidi kumlisha mbwa, furahi naye, kisha mgeukie mama yake umuulize yeye.

Shamba la Kizimbani

Mzee mwenye shamba ana miaka sabini na kitu. Minazi, migomba, mihogo, mdalasini kidogo, mbuzi sita. Wezi wanachukua nazi na mikungu ya ndizi usiku, kima wanashuka kwenye mahindi mchana. Anataka mbwa. Alipomuona Boflo akamtazama kwa muda mrefu.

"Yakhe, huyu atabweka?"

Nikamwambia anabweka usiku, tena sauti nzito, ila mtu akisogea karibu anatikisa mkia.

"Mwizi gizani atauonea wapi mkia," akasema.

Kwa upande wa dini hakuwa na wasiwasi, na hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda wametolewa katika katazo la kufuga. Kila mwenye kusoma kidogo analijua. Maana yake ni kwamba pale Kizimbani hakuna shemeji atakayekuja kununa, wala jirani wa kumsema mzee. Mbwa ana kazi, na mwenye kazi ana nafasi. Mbweni mbwa ni wa mapenzi tu, na siku mapenzi yakibanwa na kodi ya nyumba, hana cha kumtetea.

Jambo jingine: mzee haondoki. Alfajiri yuko mskitini kwa nusu saa, kisha kutwa nzima yuko pale, anapalilia, analala kidogo, anasuka makuti. Anaongea peke yake, nimemsikia, kwa hiyo ataongea na mbwa. Watalii wa mashamba ya viungo hupita njia ya nyuma siku mbili tatu kwa wiki, na hao wakimpapasa hawana hasara.

Upande wa pili wa mizani nao una vitu. Mashambani mbwa wengi hufungwa mnyororo kutwa chini ya mwembe, na mbwa mpole akifungwa hivyo kwa mwezi, upole unageuka kitu kingine. Kupe wako wengi, na kupe huleta homa inayoua mbwa mzima mwenye nguvu zake kama hakuwahiwa; dawa ya kupe ni kila mwezi, si mpaka uwaone. Daktari wa mifugo yuko mbali kidogo. Na mzee ni mzee. Nilimuuliza waziwazi, hakukasirika, akamwita mjukuu wake anayekaa palepale na mkewe, akasema, "Huyu ndiye utakayempigia simu mimi nikiwa sipo."

Lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa dogo. Mbwa huyu anataka kuguswa. Nani atamgusa pale? Nilimuuliza mzee, nikidhani nitamuudhi. Akacheka.

"Kavu kwa kavu hakuna najisi. Mkono wangu mkavu, mgongo wake mkavu, kuna nini? Akilowa, kuna uti wa kuti."

Na kweli, alivunja uti wa kuti mkavu, akamkuna nao shingoni, palepale penye kovu la kamba. Boflo akafumba macho, mguu wa nyuma ukaanza kupiga chini.

Nilivyoamua, na masharti

Mbweni inashinda kwa mapenzi, Kizimbani inashinda kwa saa. Ingekuwa Boflo ni mbwa wa kulala mchana kutwa bila kujali, angekuwa kitandani kwa wale watoto sasa hivi. Mbwa wako ukitaka kujua ni wa namna gani, mfungie nyumbani kwa muda wa saa tano, simama nje kwa jirani, usikilize. Boflo sikuhitaji kumpima, mlango wa jikoni ulishanijibu.

Nikampeleka shamba, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Masharti tuliyaandika kwenye karatasi ya daftari, mjukuu akatia saini, na sheha, kiongozi wa mtaa wa pale, akajulishwa. Hafungwi mnyororo mchana. Usiku yuko huru ndani ya ua wa michongoma. Banda lake limeezekwa makuti na limeinuliwa kwa matofali, maji yasimkute. Chanjo ya kichaa kila mwaka na dawa ya kupe kila mwezi, mwaka wa kwanza nalipa mimi. Akishindikana anarudi kwangu, hapewi mtu mwingine. Sikutaka pesa, ila cheti chake cha chanjo nilimkabidhi mjukuu kwa mkono, ndani ya mfuko wa plastiki, nikamwonesha tarehe. Familia ya Mbweni nimewaomba wabaki wa pili, na yule bwana ameshapata ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi.

Daladala haimpakii mbwa, kwa hiyo nilikodi kirikuu. Nilimtandikia kanga kuukuu aliyokuwa akilalia barazani, nayo ikabaki naye bila kufuliwa, kwa sababu ya harufu. Siku mbili za mwanzo hakula. Mjukuu alipiga simu ana wasiwasi. Nikamwambia mbwa mzima akihamishwa ndivyo anavyofanya, amwachie maji, asimkodolee macho. Siku ya tatu alikula ugali na dagaa, usiku, alipoona hapana mtu.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda, nisimchanganye. Jumapili iliyofuata nikaenda. Alinisikia tangu njiani, akaja mbio, akanizunguka, akanilamba mkono wote mpaka kiwiko. Nikasema moyoni basi, huyu narudi naye. Kisha mzee akakohoa kule chini ya mnazi. Boflo akageuka, akaniacha nimenyoosha mkono wenye mate, akaenda kulala pembeni ya jembe. Mzee alikuwa ametoka kumwagilia miche. Akajifuta kiganja kwenye msuli, upande mmoja, upande wa pili, akakiinua kwenye jua kukitazama kama kimekauka, ndipo akakiteremsha katikati ya yale masikio mawili.